Mfarishi wa Viraka na Haki ya Mshonaji

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei)



Mada niliyopewa yahusu kazi ya mikono ya akina mama, na hasa ushonaji wa mifarishi kwa nguo kuukuu na vitambaa vya mitumba. Yawezekana wapo wanaojiuliza: Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani na sindano na uzi, ilhali migogoro ya ardhi, madeni na mishahara duni inatungoja? Jibu langu ni kwamba mambo hayo yote yamo ndani ya mfarishi mmoja wa viraka.

Mfarishi ni blanketi la matabaka matatu. Juu pana uso, ambao huunganishwa kwa vipande vya nguo. Katikati huwekwa pamba. Chini hutandikwa bitana. Matabaka hayo hupigwa bandi kwanza yasiteleze, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopita yote matatu. Ni kazi ya siku nyingi, na mtu mmoja aweza kuanza na kumaliza kwa kutumia mabaki ambayo wengine wameyatupa.

1. NGUO YA MASKINI KATIKA MAANDIKO

Katika Kitabu cha Kutoka na katika Kumbukumbu la Torati, Mungu aliwapa Waisraeli sheria juu ya mkopeshaji. Akichukua vazi la maskini kuwa rehani, sharti alirudishe kabla jua halijatua, maana hilo ndilo analojifunika usiku. Tuitafakari sheria hiyo. Haimkatazi mtu kudai deni lake, bali inasema kuna mpaka ambao deni haliwezi kuuvuka. Mpaka huo ni kile kinachomsitiri binadamu mwenzako asife kwa baridi.

Nayo Matendo ya Mitume yatusimulia habari za Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa hai. Wajane wale hawakuhitaji maneno mengi kumweleza mtume juu ya marehemu, kwa kuwa nguo zilitosha kumshuhudia.

Basi tuyashike mawili haya, nguo kama haki ya maskini na nguo kama ushuhuda wa mshonaji, tunapokwenda kutazama mfano mmoja wa mbali.

2. KIJIJI KATIKA KONA YA MTO

Huko Alabama, kusini mwa Marekani, kuna kijiji cha watu weusi kiitwacho Gee's Bend. Mto Alabama unakizunguka pande tatu. Mwaka 1845 shamba kubwa la pamba la mahali hapo lilichukuliwa na Mark Pettway, naye akahamia kutoka North Carolina pamoja na watumwa wapatao 100 waliotembea safari hiyo kwa miguu. Hadi leo wengi wa wenyeji wana jina la ukoo la Pettway, jina la yule aliyewamiliki mababu zao.

Utumwa ulipokwisha, watu wale walibaki palepale wakilima pamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na kukopa mbegu na chakula hadi msimu wa kuvuna. Bei ya pamba iliposhuka, deni likapanda. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alidai madeni yote kwa mpigo. Wanyama, zana za kilimo na chakula cha akiba vilichukuliwa. Familia ziliingia majira ya baridi mikono mitupu, na Msalaba Mwekundu ukalazimika kuwapelekea chakula. Sheria ile ya vazi na jua linalotua ilivunjwa mchana kweupe.

Katika hali hiyo mfarishi haukuwa pambo. Nyumba zilikuwa za magogo na mbao zenye nyufa, na upepo ulipenya. Akina mama walikata suruali za kazi zilizochakaa magotini, mashati yaliyofifia kwa jua, magauni yasiyovalika tena, na magunia ya unga na ya mbolea. Kipande kibovu kilitupwa, kizima kikaunganishwa na kingine. Pamba ya katikati iliokotwa katika mabaki. Katika mifarishi iliyosalia ya enzi hizo, mtu huweza kuona mraba wa buluu iliyokoza katikati ya buluu iliyopauka. Hapo palikuwa na mfuko wa suruali, na jua halikupafikia. Kwa hiyo kitambaa kile kimetunza alama ya mwili uliofanya kazi.

Mwaka 1942 mama mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazishona kuwa mfarishi ili ajifunike na kumkumbuka. Binti yake, Arlonzia, aliyemsaidia kazi hiyo, aliisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye. Hapa kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu kwa mila na heshima, kwa hiyo twaweza kuelewa alichofanya mama yule. Hakuwa na mali nyingine ya kurithi.

3. ARDHI ILIYOWAPA UJASIRI

Baadaye katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ililinunua shamba lile na kujenga nyumba bora, na katika miaka ya 1940 familia zikaanza kuuziwa mashamba kwa mikopo nafuu. Jambo hili lilizaa tunda lisilotazamiwa. Mwaka 1965 Martin Luther King alihubiri Gee's Bend, na wenyeji wakajitokeza kujiandikisha kupiga kura. Wengi wa majirani zao katika wilaya ile waliokuwa wapangaji walipofanya hivyo walifukuzwa katika nyumba na mashamba. Lakini mwenye ardhi yake hakuweza kufukuzwa kwa urahisi hivyo. Hata hivyo nao hawakuachwa salama. Tangu mwaka 1962 kivuko kilichowapeleka ng'ambo ya mto, kwenye makao ya wilaya, kilikuwa kimesimamishwa, wakabaki na mzunguko mrefu wa barabara. Kivuko kilirudishwa mwaka 2006.

4. CHAMA CHA AKINA MAMA

Mwishoni mwa mwaka 1965 padre mmoja wa Kanisa la Episkopali, Francis X. Walter, aliyekuwa akikusanya habari za familia zilizoonewa, aliona mifarishi imeanikwa kwenye kamba nje ya nyumba. Alitafuta fedha, akainunua mifarishi kwa dola 10 mmoja, ikapelekwa New York kuuzwa kwa mnada. Mnamo Machi 1966 akina mama wapatao 60 walikutana kanisani wakaunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, yaani kundi la washonaji wa uhuru. Estelle Witherspoon alikuwa meneja wake kwa miaka mingi.

Tazameni walifanya nini na mapato yao. Walinunua ardhi ekari 23, wakajenga karakana yao mwaka 1969, na sehemu ya ardhi hiyo wakaziuzia familia zilizofukuzwa kwa sababu ya kudai haki ya kura. Yaani sindano ilinunua ardhi, na ardhi ikawapa hifadhi walioonewa. Hii ndiyo maana halisi ya maendeleo.

Lakini tusiipambe habari hii kuliko ilivyokuwa. Mwaka 1972 chama kilipata mkataba wa kushonea kampuni kubwa ya maduka foronya za mito za kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Mkataba ulileta mshahara wa kudumu, nao ulikuwa neema. Hata hivyo mnunuzi alitaka kila kitu kifanane, kwa kipimo kimoja na mshono mmoja, wakati akina mama wa Gee's Bend walizoea kila mmoja kushona kwa namna yake. Basi mchana walishona alichotaka mnunuzi, kisha wakachukua mabaki ya kitambaa kilekile nyumbani na kushona mifarishi waliyoipenda wenyewe.

Kisha zamu ya sifa ikafika. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, halafu katika Whitney, New York, na wataalamu wakaisifu kuwa miongoni mwa sanaa bora za Marekani. Mwaka 2006 picha zake zilitolewa katika stempu za posta. Lakini mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi mahakamani, wakidai kwamba hawakupata haki yao kutokana na mifarishi na michoro yao. Kesi hizo zilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Nacho chama cha ushirika, wazee wake wakiwa wamefariki au kuchoka, kilifungwa mwaka 2012.

5. TUJIFUNZE NINI?

Ndugu zangu, vikundi vingi vya akina mama katika parokia zetu huanza kwa furaha na kufa kimya kimya. Habari hii yatufundisha kuangalia mambo matatu kabla ya kununua hata reli moja ya uzi.

Kwanza, mahali. Kikundi kinachoshonea katika chumba cha mtu mwingine, kwa cherehani ya mtu mwingine, kiko chini ya huruma yake. Akina mama wa Alabama walitangulia kutafuta kiwanja. Sisi tunaweza kuanza na chumba cha parokia, lakini kwa makubaliano yaliyoandikwa, ili paroko mpya au kiongozi mpya asije akawatoa nje kwa neno moja.

Pili, bei. Tuseme mama mmoja anatumia saa 60 kushona mfarishi mmoja. Amenunua nguo za mitumba kwa shilingi 15,000, na uzi na pamba kwa shilingi 5,000. Akiuuza kwa shilingi 60,000 atafurahi kushika noti mkononi. Lakini tukiondoa gharama zimebaki shilingi 40,000, na tukigawanya kwa saa 60 tunapata chini ya shilingi 700 kwa saa. Je, ndiyo thamani ya macho yake na mgongo wake? Mtume Yakobo aonya kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unalia hadi masikioni mwa Bwana. Tusidhani onyo hilo ni kwa matajiri tu. Parokia inayoagiza kazi kwa akina mama wake na kulipa kidogo kwa kisingizio cha "kujitolea" nayo inahusika. Kila kikundi kiandike saa za kazi katika daftari, na bei ipangwe na wanachama wenyewe, si na mnunuzi peke yake.

Tatu, jina. Mchoro wa mshonaji ni mali yake kama vile shamba lilivyo mali ya mkulima. Mgeni akija kupiga picha, kununua kwa wingi au kupeleka kazi yetu kwenye maonyesho, aulizwe kwa upole na bila woga: jina la mshonaji litaandikwa wapi, na picha ikiuzwa yeye atapata nini? Mkataba uandikwe kwa lugha anayoisoma mwenye kazi. Kama hajui kusoma, asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe.

6. MITUMBA YETU

Malighafi si tatizo kwetu. Nguo hutolewa bure na watu wa Ulaya na Marekani, lakini zikifika hapa zimekuwa bidhaa ya biashara, na zile zisizonunulika huishia jalalani au mtaroni. Kwa mafundi cherehani nako vipande vya vitenge hufagiliwa kila jioni. Hivyo vyote vyaweza kuwa mfarishi.

Kwa wanaotaka kuanza, chagueni nguo za pamba zisizovutika. Zifueni kwa maji ya moto kabla ya kukata, zisije zikaruka baadaye na kuharibu kazi. Nyosheni kila kitambaa kwenye mwanga na kukata sehemu zilizochoka. Unganisheni vitambaa vya uzito uliolingana, maana kizito kikishonwa na chepesi, chepesi huchanika. Khanga iliyochakaa ni bitana nzuri. Na mfarishi wa kwanza usiuzwe. Mpeni mgonjwa au mjane wa jumuiya yenu, ili kikundi kianze kama Tabitha alivyofanya.

Wapendwa, kiraka humsitiri mtu asione baridi, na mshonaji naye anahitaji haki imsitiri asidharauliwe. Tusikubali kutoa cha kwanza na kuzuia cha pili.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika parokia yetu, ni akina mama gani wanaofanya kazi za mikono, na nani hupanga bei ya kazi zao?
2. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu ambaye deni limemnyang'anya kitu cha lazima kwa uhai wake? Tunaweza kumsaidiaje kukirudisha?
3. Kikundi chetu kinamiliki nini: mahali, vifaa, daftari la hesabu, mkataba? Ni lipi tuanze kulitafuta mwaka huu?
4. Parokia inapoagiza kazi kwa wanachama wake, inalipa inavyostahili?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.