Maganda ya Kahawa si Takataka



Nimeombwa niseme juu ya kilimo, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nimechagua jambo moja tu: yale tunayoyatupa baada ya kumenya kahawa.

Tufanye hesabu kwanza. Ili kupata kilo 1 ya kahawa safi, zahitajika kilo 6 hivi za matunda mekundu. Karibu kilo 2 na nusu kati ya hizo ni maganda mabichi ya nje. Basi mkulima anayeuza kilo 100 hubakiwa na maganda yapata kilo 240. Yako wapi? Kwa wengi wetu hapa Kilimanjaro, yamo kando ya mfereji.

Hapo ndipo penye madhara. Ule utelezi wa kahawa una sukari nyingi. Ukiingia majini, vijidudu huula na kuimaliza hewa ya oksijeni. Samaki hufa, maji huchacha na kunuka. Na huko chini, katika mfereji ule ule, mama mwingine anateka maji ya kunywa. Kwa hiyo maji ya kuoshea kahawa yachimbiwe shimo mbali na mfereji.

Maganda yenyewe ni mbolea. Yana naitrojeni, na yana potasiamu ambayo mgomba huipenda mno. Panga tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, na samadi kidogo. Funika kwa majani ya mgomba, ugeuze kila baada ya wiki 2. Kwa miezi 3 au 4 utapata mbolea nyeusi isiyonuka. Lakini ng'ombe asilishwe maganda mabichi kwa wingi, maana yana kafeini na tanini.

Wako waliokwenda mbele zaidi. Wengine huoteshea uyoga. Wengine hupata gesi ya kupikia. Maganda makavu nayo ni kuni: huko Uganda, kiwanda cha saruji cha Hima kimeyatumia katika tanuri.

Vijana, anzeni lundo moja hapa shuleni. Mgomba mmoja upewe mbolea hiyo, wa pili usipewe, mpime mikungu, kisha mtuandikie matokeo katika gazeti hili. Nasi wazee, kila mmoja aanzie kihambani kwake msimu huu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii yetu sharti ioze kwanza, ndipo iwe akiba.