Mpaka wa Utamaduni Hauko Namanga



Mwishoni mwa mwaka 1960 kundi la wapiga filamu kutoka Marekani lilifika chini ya Mlima Meru. Mwongozaji alikuwa Howard Hawks na nyota wake John Wayne. Kwa miezi kadhaa walifukuza vifaru na twiga kwa magari, vumbi likitimka, huku Momela ikiwa moja ya makao yao. Filamu ilitoka mwaka 1962 na jina lake ni neno letu wenyewe: Hatari! Ilizunguka dunia. Mlima ulikuwa wetu, wanyama wetu, hata neno ni letu. Filamu ilikuwa yao, na mapato ya milangoni yakawa yao. Wakulima wa Poli na Akheri wanaijua hesabu hii kuliko mchumi yeyote. Wao huuza buni, kisha kahawa humrudia Mtanzania ndani ya kopo, kwa bei nyingine.

Mada niliyopewa ni kulinda utamaduni wa taifa dhidi ya burudani za kigeni kwa kutumia sera ya biashara. Niseme mapema ninachoamini. Tumezoea kujadili kipi kiingie na kipi kizuiwe, na mjadala huo umetuchosha kwa miaka sitini. Kinachotugharimu ni kwamba hatumwangalii anayetengeneza, wala hatuangalii fedha inaishia mfukoni mwa nani.

Tulijaribu kufuli, na tulijaribu kwa nia njema. Mwalimu Nyerere alianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, nchi ilipokuwa jamhuri. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka huo huo muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuja kukabidhiwa uagizaji wa filamu kutoka nje. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, Bara hatukuiruhusu hadi 1994. Siwacheki waliofanya hayo. Redio Tanzania ilizipa bendi za nyumbani masikio ya nchi nzima, na kanda zilizorekodiwa pale ni hazina ambayo majirani wengi hawana.

Lakini tazameni kilichotokea hapa Arusha. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, walikuja mjini kwetu na kupiga na bendi ya Arusha Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wakavuka mpaka, wakafika Mombasa, na Kenya wakajulikana kama Simba Wanyika. Ukisikiliza gitaa lao unasikia Tanga na unasikia Arusha, ila santuri zilitoka Kenya. Kwa nini waliondoka? Kenya ndiko kulikuwa na kampuni za kurekodi na mitambo ya kukandamiza santuri. Sisi tulikuwa na redio, hatukuwa na kiwanda. Tulimzuia mgeni asiingie sebuleni, na mwenyeji naye tukamwacha bila jiko. Muziki wa dansi wa Tanzania ukaenda Nairobi kama buni, ukarudi Bara kwenye mikoba ya wasafiri.

Wapo watakaosema basi kila cha kigeni ni sumu, tukifunge. Naomba muwaangalie akina mama wa Kimaasai na Kiarusha wanaouza mikufu mjini. Zile shanga ndogo za kioo si zetu kwa asili. Kwa zaidi ya miaka mia moja zimekuwa zikitoka Ulaya, na nyingi zilitoka nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Cheki. Mpangilio wa rangi, maana ya kila rangi, nani avae nini na lini, hayo yote ni yetu. Shanga iliingia kama malighafi, ikatoka kama utamaduni. Vivyo hivyo kundi la X Plastaz la hapa Arusha lilichukua rap, kitu cha New York, likaiunganisha na uimbaji wa Kimaasai. Kama tungepiga marufuku rap kama tulivyopiga marufuku soul, kazi ile isingezaliwa. Na bado albamu yao ya Maasai Hip Hop, mwaka 2004, ilitolewa na kampuni ya Ujerumani. Ubunifu wa Arusha, hati ya Munich. Hapo ndipo inaponiuma.

Sasa tuje kwenye biashara yenyewe, maana sera ya biashara ina meno na pia ina adui. Machi 2016, katika mji huu huu, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika mwaka 2017, Washington ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, ya kuuza Marekani bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania tulirudi nyuma. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Nawakumbusha hili kwa sababu nguo ni kitu cha kushika mkononi. Robota la mitumba linapimwa kwenye mizani, linalipiwa, na bado tulishindwa kulizuia. Je, tamthilia?

Nilipokuwa kijana Usa River tuliangalia filamu kwenye kibanda umiza, tumekaa kwenye mabenchi, sauti ya Lufufu ikitutafsiria filamu za Hong Kong, India na Marekani. Kaseti ile angalau ilikuwa na mwili. Ofisa forodha wa Namanga, mpakani na Kenya, angeweza kulifungua sanduku lake. Hata stempu za kodi za kazi za filamu na muziki, zilizoanza 2013, zilitegemea kuwepo kwa DVD ya kubandikwa. Aprili 2017 wasanii wa filamu walipoandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa holela, hasira yao ilikuwa ya haki, lakini bidhaa waliyoifuata dukani ilikuwa tayari inahamia kwenye simu. Leo filamu inaingia Ngarenaro usiku, hewani, bila kupita Namanga. Na mwaka 1998 wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikubaliana kutotoza ushuru wa forodha kwa kinachotumwa kwa njia ya kielektroniki. India na Afrika Kusini zimeyapinga mara kadhaa, hata hivyo mwaka 2024 kule Abu Dhabi yaliongezewa muda tena.

Wenzetu wanaouza wanajua wanachofanya. China iliitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake, TBC ikaionyesha, na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwa jina. Vijana wetu wenye vipaji wamesafiri hadi Beijing kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kule. Waturuki nao wameingia sebuleni mwetu wakizungumza Kiswahili safi. Nafurahi vijana wamepata ajira, na lugha imekua. Lakini tumeuza sauti tu. Hadithi, nyumba, sheria za ndoa, chakula mezani, vyote ni vya kwingine, na mtoto wa Sanawari analijua kasri la Sultani kuliko anavyomjua Mangi Matunda wa Meru.

Tufanye nini? Kwanza tufuate fedha mahali inapopita sasa. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini zinatozwa asilimia 2 ya malipo zinayopokea, pamoja na VAT. Ipo pia tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi. Hizi si ushuru wa forodha, kwa hiyo makubaliano ya 1998 hayazigusi. Ombi langu ni kwamba sehemu ya asilimia zile 2 iandikwe kisheria kwenda Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na itolewe kama mtaji wa kutengeneza tamthilia, si kama mkopo mdogo wa kununulia kamera.

Kuhusu mgawo wa muda wa matangazo, naunga mkono, ila kwa hadhari. Ufaransa iliweka asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa redioni kwa sheria ya 1994, na studio zilikuwepo za kuijaza. Afrika Kusini mwaka 2016 shirika la utangazaji la SABC lilitangaza ghafla asilimia 90 ya muziki wa nyumbani. Wasikilizaji wakahama, matangazo ya biashara yakapungua, na mpango ukaachwa. Korea Kusini nayo mwaka 2006 ililazimika kupunguza siku za lazima za filamu za nyumbani kutoka 146 hadi 73 ili mazungumzo ya biashara na Marekani yaanze. Kufikia hapo viwanda vyake vya filamu vilikuwa vimekwisha simama.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kuandika mada hii. Katika orodha ya huduma ya Shirika la Biashara Duniani, filamu, redio na televisheni zimewekwa ndani ya sekta ya mawasiliano, pamoja na simu na posta. Na mawasiliano ni moja ya sekta tano za kwanza katika mazungumzo ya huduma ya Eneo Huru la Biashara la Afrika. Mjumbe anaweza kukaa mezani akifikiria minara ya simu, akaweka saini, na kumbe amefungua mlango wa filamu pasipo sharti. New Zealand ilifungua hivyo mwaka 1994. Miaka michache baadaye serikali yake ilipotaka mgawo wa vipindi vya nyumbani, ilijikuta imefungwa na ahadi yake yenyewe. Mkataba wa UNESCO wa 2005, uliopita kwa kura 148 dhidi ya 2 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2011, unatupa haki ya kuweka masharti ya kulinda utamaduni. Haki hiyo haitatusaidia kama tumekwisha kuiuza kwenye jedwali jingine.

Sekretarieti ya Jumuiya iko hapa mjini, mwendo mfupi kutoka tulipokaa. Naomba, Ndugu Mwenyekiti, kikao cha mchana kimwalike ofisa wa biashara ya huduma, aje na jedwali la ahadi za Tanzania, alifungue ukurasa wa mawasiliano, atusomee mstari wa filamu na televisheni kwa Kiswahili: tumeahidi nini, na tumebakiza nini. Wasanii wakae safu ya mbele, wawe na kalamu.