Tusome Habari Zetu Pamoja

Ndugu wanakijiji wa Soni,

Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100 nchini, kama 67 hawakujua kusoma. Tulikwenda kisomoni, tukajua. Lakini kusoma ni kama jembe: lisipolimiwa hushika kutu.

Basi sisi tunashauri hivi. Tukutane mara moja kwa wiki, tusome kitabu cha "Habari za Wakilindi", alichoandika Abdallah bin Hemedi. Humo yumo Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, watu wakamfanya mtawala. Yumo na Kimweri wa Vuga, aliyefariki mwaka 1862. Na Vuga si mbali, ni hapo jirani tu!

Anayesoma vizuri asome kwa sauti. Wengine tusikilize. Mzee akiona hakusimuliwa hivyo, aseme. Akina mama nao waseme waliyosikia kwa bibi zao. Yote tuyaandike daftarini, pamoja na jina la msimulizi, maana kitabu kimoja hakimalizi habari. Tusingoje. Mzee akishafariki, hatuwezi kumwuliza tena.

Haya, daftari la kwanza nani ataleta?