Mlima Ulipomeguka Alfajiri ya Majilio



Wapendwa Taifa la Mungu, leo twaanza Majilio, na Majilio ya kwetu hutukuta katika mvua. Kwa hiyo nawaalika tutafakari juu ya mvua na mlima.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa pia Dominika ya Kwanza ya Majilio. Injili ya siku ile, Marko 13:33-37, yawaagiza watumishi wakeshe, kwani hawaijui saa ya kurudi kwake mwenye nyumba. Asubuhi hiyo hiyo na mapema, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Mvua kubwa ilikuwa imepenya katika miamba dhaifu. Ikaelemewa na maji, ikageuka tope, ikafuata mkondo wa mto na kuburuta mawe na magogo hadi Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia.

Je, walikuwa wakosefu kuliko sisi? Swali hilo Bwana alikwisha kulijibu aliposimuliwa habari za waliouawa. Yeye mwenyewe aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13), akakana kwamba walikuwa wabaya kupita wengine. Basi asiwepo kati yetu wa kuwahukumu marehemu. Tuwaombee, na sisi tujirekebishe.

Wakazi wa milima ya Ulaya yenye theluji wanajua jambo moja: theluji nyingi ikirundikana juu ya tabaka dhaifu, huporomoka ghafla, na hatari huwa kubwa hata baada ya dhoruba kutulia na jua kuwaka. Ndivyo ulivyo udongo wa mlimani. Mvua hukoma, lakini maji yangali yakifanya kazi ndani. Na dhambi ndivyo ilivyo: hujikusanya kimya kimya, nasi twasema kuna amani.

Ngara yetu ni nchi ya vilima. Mwaka 1994 wakimbizi walitujia kwa mamia ya maelfu, na miti mingi ikakatwa kwa kuni. Hatuwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini leo, anayechoma msitu kwa ajili ya mkaa ni nani? Anayelima mteremko bila matuta, au kumuuzia maskini kiwanja katika njia ya maji, ni nani? Huyo hawezi kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Ndugu makatekista, ninyi mwaijua kila nyumba ya kigango chenu. Mkiona ardhi imepasuka juu ya makazi, miti imeinama, chemchemi mpya imetokea, au kijito kimejaa tope ghafla, msingoje Dominika. Gongeni mlango, hata usiku. Waondoeni wazee na watoto, kisha mwiteni mwenyekiti wa kijiji. Jumuiya ndogondogo zikubaliane mapema nani atampokea nani. Kumwamsha jirani ni kukesha kwa kweli.

Mwenye nyumba atakapokuja, atuulize ndugu yetu yuko wapi, nasi tuweze kujibu: Bwana, yuko hapa pamoja nasi.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.