Maji Yakishapungua Kilosa

Msikilizaji wa Kilosa na Mikumi, mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia mjini Kilosa na kuharibu Reli ya Kati. Familia nyingi ziliishia kwenye mahema.

Mafuriko yakishapungua, hatari hubaki visimani. Kisima kilichofunikwa na maji hayo kimepokea uchafu wa vyoo vilivyobomoka, na kipindupindu huanzia hapo. Maji yakionekana meupe, bado usiyaamini: yachemshe mpaka yatokote, uyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na umkimbize zahanati siku hiyohiyo.

Na ili mafuriko yasirudi, ndugu zangu, kumbukeni kuwa tuta lenye udongo uliolegezwa na jembe na kwato haliuzuii mto. Tafadhalini, msilime wala kuchunga mifugo juu ya tuta la Mkondoa.