Shore na Kima Punju



Wahitimu, shore mnamjua nyote, hata asiyemjua kwa jina: kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, kelele tangu alfajiri. Anakula mapapai, anakula wadudu. Msitu ukifyekwa ikapandwa migomba, yeye huhamia migombani. Sehemu kubwa ya Afrika ni kwao.

Kima punju kwao ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani kama Uzi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata kima 5,800 na ushei. Ni wengi kuliko tulivyodhani, lakini bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Huko kazini mtasifiwa mkiwa kama shore, wa kutua popote. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ila nasikia watu wakisema kima anapungua kwa sababu hawezi kubadilika, na hilo nalikataa. Pembezoni mwa msitu wa Jozani, huko Unguja, amejifunza kula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazolivuruga tumbo lake. Dawa akaitafuta mwenyewe: huokota makaa kwenye tanuri na visiki vilivyoungua, akayatafuna, nayo yakazinyonya kemikali hizo. Mnyama anayejitibu kwa makaa ya msitu wake uliochomwa, tumwambie abadilike mara ngapi?

Asichokiweza ni gari. Barabara ya Jozani ilipotiwa lami, magari yaliongeza mwendo na kima wakagongwa mmoja baada ya mwingine. Yakajengwa matuta, vifo vikapungua. Havikwisha, lakini vilipungua, na tuta halihitaji shahada ya wanyama. Linahitaji mhandisi wa kulichora na ofisa wa kutia saini. Ndiyo maana nasema nanyi nyote, si na watu wa misitu peke yao.

Shore atajimudu bila ninyi. Kima anawategemea. Mtakaochora barabara, ulizeni wanakijiji kima wanavukia wapi, na matuta yawemo kwenye mchoro kabla lami haijamwagwa. Nanyi mtakaokaa ofisi za ardhi, ombi la kiwanja cha hoteli likiwafikia, msilipige muhuri mkiwa mezani. Nendeni mkaione miti inayoombwa kukatwa, mkiwa na sheha na wakulima wa pale.