Akiba hii huoza



Kama umewahi kukaa kijiweni na wazee waliokuwa vijana miaka ya 1970, huenda umesikia ubishi juu ya mwisho wa filamu ya Kihindi iitwayo Sholay. Mmoja atakwambia kuwa polisi walifika dakika ya mwisho, wakamnusuru yule jambazi Gabbar Singh asiuawe. Mwenzake ataapa kwa macho yake mawili kwamba Thakur, yule bwana aliyekatwa mikono, alimmaliza Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Watabishana mpaka kahawa ipoe, na kila mmoja atamwona mwenzake mwongo.

Waama, wote wawili wanasema kweli. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1975, India ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Bibi Indira Gandhi. Wakaguzi wa filamu hawakuupenda mwisho ambao mtu aliyewahi kuwa ofisa wa polisi anajichukulia sheria mkononi. Mwongozaji wake, Ramesh Sippy, akalazimika kupiga mwisho mwingine, na ndipo polisi walipotokea. Huo ndio walioshuhudia watu katika majumba ya sinema. Lakini ule mwisho wa kwanza haukufa. Miaka ya baadaye ulipenya katika kanda za video, na aliyeazima kanda hiyo akawa ameona filamu nyingine.

Mwezi Juni 2025, Sholay iliyofanyiwa ukarabati kwa muda wa miaka mitatu ilionyeshwa uwanjani usiku katika mji wa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa awali. Wazee wa kijiweni wangefurahi. Lakini lipo kundi jingine la watu ambao habari kama hiyo ikitoka hawaulizi nani alimwua nani. Wao huuliza swali moja tu: diski itatoka lini?

Hao ndio wakusanyaji wa filamu, na leo nataka tuwazungumzie.

Wako Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Japani, India na kwingineko. Mmoja ni mwalimu, mwingine fundi bomba, mwingine mzee aliyestaafu. Nyumbani kwao kuta zimejaa diski kama duka la dawa lilivyojaa vichupa. Ajabu yao ni kwamba aghalabu hawazungumzii filamu walizo nazo. Wanazungumzia zile ambazo hazijatoka. Hukutana wakabashiri kampuni gani itatoa filamu gani ya zamani, mwezi gani, yenye urefu gani, na iliyosafishwa kutoka nakala ipi.

Ukiwasikiliza kwa mara ya kwanza utadhani ni wapiga ramli. Sivyo. Kubashiri kwao kuna elimu ndani yake. Wanajua, kwa mfano, kwamba filamu ya kale ikikarabatiwa na kuonyeshwa Bologna, au katika tamasha la Cannes, si ajabu diski yake ikafuata baada ya miezi kadhaa. Wanajua mkataba wa hakimiliki ukihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, filamu iliyofungiwa kabatini inaweza kutoka. Wakiona diski ya zamani imeondolewa madukani bila maelezo, wananong'onezana kwamba mpya iko njiani. Kampuni ya Marekani iitwayo Criterion, iliyoanza mwaka 1984, kwa miaka mingi imekuwa na desturi ya kutoa mchoro wa vitendawili kila mwaka mpya, na wakusanyaji huukodolea macho kila mstari wakitafuta majina ya filamu zijazo.

Sasa ndugu msikilizaji, unaweza kuuliza: je, huu si mchezo wa watu walioshiba? Mimi nami niliwahi kuuliza hivyo. Nilibadili mawazo nilipojua ni filamu ngapi zimepotea.

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti juu ya filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11,000. Zilizobaki katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu. Nchini India, filamu ya kwanza yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, haipo kabisa. Zimebaki picha za mnato na matangazo ya magazetini.

Zilipoteaje? Nyingine ziliungua. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuendelea kuwaka hata ukikimwagia maji. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko New Jersey liliteketea na kuondoka na sehemu kubwa ya filamu zake za mwanzo. Nyingine ziliyeyushwa ili ipatikane madini ya fedha iliyomo kwenye mkanda. Hata mikanda ya baadaye, isiyowaka ovyo, nayo ina maradhi yake: ikikaa penye joto na unyevu huanza kunuka siki, ikajikunja, ikasinyaa, ikafa. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii, ndugu msikilizaji, huoza.

Lakini chanzo kikubwa kuliko vyote ni hiki: wenye mali waliamini kwamba filamu ikishamaliza zamu yake katika majumba ya sinema haina thamani tena. Hakuna aliyeiulizia. Na kitu kisichouliziwa hakitunzwi.

Hapo ndipo ilipo faida ya watu hawa wenye maswali yasiyokwisha. Nitatoa mfano mmoja.

Mwezi Januari 1927, mjini Berlin, ilionyeshwa filamu ya Fritz Lang iitwayo Metropolis, inayosimulia mji wa matajiri walio juu na wafanyakazi walio chini ya ardhi. Ilikuwa ndefu kupita saa mbili na nusu. Wafanyabiashara wakaona ni ndefu mno, wakaikata, na karibu robo yake ikatupwa. Kwa miaka 80 dunia ilitazama Metropolis iliyochanika.

Huko Buenos Aires, Argentina, mtafiti wa filamu Fernando Martín Peña alikuwa amesikia kisa kutoka kwa mzee mmoja wa chama cha watazamaji filamu. Mzee huyo alisimulia jinsi alivyowahi kuonyesha Metropolis kwa mkanda uliochakaa, akalazimika kuubana kwa kidole kwenye mashine kwa muda uliozidi saa mbili ili picha isiruke. Wengine wangecheka tu. Peña alipiga hesabu. Kama Metropolis zote zinazojulikana zimekatwa na kuwa fupi, kidole cha mzee huyu kilibana kitu gani kwa muda wote huo?

Akaanza kuulizia. Ilichukua miaka mingi, lakini mwaka 2008 yeye na Paula Félix-Didier, aliyekuwa mkuu wa Makumbusho ya Filamu ya Buenos Aires, walifungua makopo na kukuta nakala iliyo karibu kamili. Mfanyabiashara wa Argentina alikuwa ameinunua kabla haijakatwa, ikapita kwa mkusanyaji binafsi, kisha ikawa mali ya umma, na hakuna aliyejua ni lulu. Ilikuwa na mikwaruzo kama uso wa mzee, lakini ilikuwepo. Mwezi Februari 2010 Metropolis ilionyeshwa upya Berlin ikiwa na nyongeza ya dakika zipatazo 25, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa kwenye diski majumbani mwa watu.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hata hivyo, tusije tukadhani kila tetesi ni kweli. Filamu ya mwaka 1927 iitwayo London After Midnight, aliyocheza Lon Chaney, nakala yake ya mwisho inayojulikana iliungua katika ghala la MGM mwaka 1965. Tangu hapo uvumi wa kuonekana kwake umezuka mara nyingi, na kila mara ukazimika. Wakusanyaji wenye busara wana kanuni yao: aliyesema ameiona, aulizwe ameiona wapi, lini na ina urefu gani. Asiyejibu matatu hayo, anywe chai aende zake.

Isitoshe, watu hawa hawakupendwa siku zote. Mwaka 1974 makachero wa FBI waliipekua nyumba ya mwigizaji Roddy McDowall huko Marekani na kuchukua mikanda na kanda zake, kwa shaka kwamba kukusanya nakala ni kuiba mali ya kampuni. Hakushitakiwa, lakini wakusanyaji wengi waliingiwa na hofu. Miaka ya baadaye zipo filamu ambazo nakala iliyookolewa ilitoka kwa mkusanyaji wa aina hiyo hiyo. Sisemi wizi wa hakimiliki ni jambo jema. Nasema sheria ilinde jasho la msanii bila kumfukuza mtunzaji.

Pengine unasema, hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi yanatuhusu nini? Hebu twende Nigeria. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa na desturi ya kufuta kanda za vipindi vyake ili zitumike tena, na mchezo wake maarufu wa Doctor Who ulipoteza sehemu nyingi kwa njia hiyo. Kwa miaka mingi wapenzi wake walibashiri kwamba nakala zilizouzwa nchi za nje huenda zimesalia mahali. Mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea, zilizotengenezwa mwaka 1967 na 1968, zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos. Kilichofutwa London kilikuwa salama kwenye rafu ya Afrika, kikila vumbi.

Na filamu za Waafrika wenyewe? Kwa muda mrefu wakusanyaji walikuwa wakiuliza lini watapata nakala safi za kazi za Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye filamu yake La Noire de... ya mwaka 1966 ni nguzo ya sinema ya bara hili. Ilikarabatiwa, na mwaka 2017 ikatoka kwenye diski huko Marekani. Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania nayo ilifuata mwaka 2020. Mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa kuokoa filamu za Afrika, ukiunganisha taasisi ya Martin Scorsese, shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika na UNESCO. Filamu zilizoulizwa zimeanza kupata majibu. Je, zisizoulizwa?

Hapa, ndugu msikilizaji, sina budi kukiri kosa langu. Dada yangu alipoolewa, shemeji alikodi mpiga video. Kanda ile ililetwa kwangu niitunze, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na deki. Jumapili moja kulikuwa na mpira, sikuwa na kanda tupu, nikachukua iliyokuwa karibu. Haikuwa na jina wala tarehe. Nilirekodi kipindi chote cha kwanza juu ya sauti ya baba yetu akimpa bintiye wosia. Baba alikwisha fariki, na hakuna kanda nyingine yenye sauti yake. Dada hajawahi kunigombeza. Kila mwaka huniuliza tu, kwa upole, kama nimeshatafuta vizuri.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba basi wiki hii ufanye mambo machache. Fungua lile kabati. Kanda utakazozikuta, ziandike jina na mwaka wakati mwenye kukumbuka yungali hai. Zisimamishe wima mahali pakavu, mbali na jua. Yenye ukungu usiitie kwenye deki, maana utaharibu kanda na deki pamoja. Mpelekee fundi anayejua kuisafisha na kuihamishia kwenye diski au kompyuta. Na kama wewe ni jirani wa mzee aliyewahi kuendesha mashine ya sinema, au aliyepiga picha za harusi, ngoma na mikutano, muulize ana nini chini ya kitanda. Kuuliza si ujinga.

Wale wakusanyaji wa ng'ambo hungoja filamu ambayo pengine haitatoka katika maisha yao, nao huendelea kuuliza, kwa sababu wanajua siku watakaponyamaza ndiyo siku kopo litakapotupwa. Mimi nami bado natafuta. Huenda yule mpiga video alibaki na nakala yake. Jumamosi hii nitakwenda kumuulizia mtaani kwake.